Daftari la Fundi Vitasa

Glasgow, mvua ya kulowesha mifupa.
Namba kumi na saba, Mtaa wa Invergair:
milango minane, ngazi moja ya mawe
iliyolika katikati kama kipande cha sabuni.
Nimeipanda miaka hamsini
na mkoba wangu wa patasi na bisibisi,
nikiitwa na wenye hofu na waliopoteza funguo,
na mara nyingi ni watu walewale.

Huniuliza kana kwamba mimi ni daktari:
"Mji umezidi kuoza, sivyo, Archie?"
Nami hukohoa.
Nina daftari. Ndani yake hamna mji,
mna fremu zilizopasuka na skrubu za inchi tatu.

Mwaka themanini na moja niliweka makomeo thelathini
katika mtaa huu peke yake. Mwaka jana, mawili,
na moja lilikuwa la kumzuia mtoto asitoke.
Nilimwonyesha hesabu hiyo Bwana Rafiq wa dukani.
Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kaunta
pale shoka lilipotua, usiku mmoja wa Desemba.
"Hesabu imepungua," akasema. "Na ufa huu je?"
Lakini ni yeyeyeye aliyeniita nimng'olee mabati ya dirisha
ili wapita njia wayaone makomamanga.

Ghorofa ya juu wamehamia Rupert na Imogen, watu wa kusini,
na kengele yao yenye jicho.
Usiku kucha simu inawaamsha: kuna mtu!
Ni mbweha. Ni tarishi wa posta. Ni mimi.
Wanasema hawajawahi kuishi mahali pa hatari kama hapa.
Mlango wa pili yake, Deek McGarrigle,
mwenye kovu la wembe toka sikioni hadi kidevuni,
anasema hajawahi kuishi mahali pa amani kama hapa.
Ukuta unaowatenga ni mnene kama kiganja.

Ila hata Deek ana lake.
"Zamani, Ijumaa usiku, ulimjua atakayekukata
na sababu yake, na jina la mama yake.
Hawa wa kituo cha basi wamejifunika kofia, wamenyamaza.
Navuka barabara, Archie. Mimi! Navuka."
Nilipowapita vijana wale walikuwa wakibishana
kuhusu jibini.

Halafu Eilidh, nesi wa zamu ya usiku.
Yeye hana zamani wala siku hizi.
Ana ufunguo uliochomoza kati ya vidole
tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu,
na daftari langu halina safu ya kuandika hilo.

Leo nimeitwa ghorofa ya pili, kwa Bi Senga Docherty,
miaka tisini na moja, nyonga imevunjika.
Halmashauri inataka kisanduku cha ufunguo nje ya mlango
ili wauguzi wajifungulie wenyewe.
Chai haijapoa, keshaanza:
"Enzi zetu hatukufunga milango, mwanangu. Mwizi angeiba nini?
Tulikuwa na sufuria moja, na Yesu ukutani."
Nikaitika hewala, bisibisi ikizunguka
karibu na kiraka cha ubao nilichokipigilia mwenyewe
nikiwa mwanagenzi wa baba, mwandiko wangu bado wa kitoto:
*Novemba 1974. Docherty. Mlango umevunjwa kwa teke.
Mita ya gesi imepasuliwa, sarafu zote, na pete.
Hataki polisi. Anataka kitasa kabla mume hajarudi.*

Sikusema kitu. Mtu na mlango wake.
"Chagua tarakimu nne," nikamwambia,
"ambazo huwezi kuzisahau hata ukiamshwa usingizini."
Hakufikiri. Aliitazama mvua dirishani,
akazitaja polepole, kama anayehesabu chenji:
moja, tisa, saba, nne.